Mawe Tuliyoyaondoa Njiani

Kaka yangu hakuwa na shamba la kujivunia wala ng'ombe wa kuoa mke wa pili. Alikuwa na baiskeli ya Kichina na njia ya mlimani, na bila njia ile baiskeli ilikuwa chuma tu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya njia hudhani ni habari ya udongo na mawe. Mimi nasimulia habari ya kaka yangu, aliyenizidi miaka michache, na aliyenilea baada ya baba yetu kufariki.

Kijiji chetu kiko upande wa ziwa, ukiwa unaelekea Kibara. Kati yetu na soko la Bunda upo mlima wa mawe matupu na vichaka vya miiba. Barabara ya magari inauzunguka mlima huo kwa mbali sana. Njia ya mlimani inaukata katikati: unasukuma baiskeli kupanda, unapumzika juu, kisha unashuka upande wa pili ukiwa umeshika breki na kumwomba Mungu. Sato aliyevuliwa alfajiri akipitia mlimani alifika sokoni macho yake bado yanang'aa. Akipitia barabarani, na jua lile letu, alifika akiwa wa kununuliwa na mtu mwenye mafua.

Miaka ile ya ugumu, sabuni ilipokuwa hadithi na sukari ikawa dawa ya wagonjwa, njia ile ndiyo iliyotulisha. Tairi zilipotoweka madukani kaka alijaza nyasi kavu ndani ya tairi kuukuu, akaifungafunga kwa vipande vya mpira, akaendelea na safari huku baiskeli ikichechemea. Barabarani kulikuwa na kizuizi cha mgambo, wakitafuta watu wa magendo. Samaki wa mtu maskini nao walikuwa magendo. Walichukuliwa kwa uchunguzi, na uchunguzi wenyewe ulifanyika ndani ya sufuria ya mgambo. Mlimani hakukuwa na mgambo kwa sababu mgambo hawakupenda kupanda.

Tena mlimani hakukuwa na mwenyewe. Njia ile ilianza zamani kama mapito ya ng'ombe, na kwetu mapito ya ng'ombe hayalimwi, hayawekwi uzio, wala hayaombewi ruhusa kwa mtu. Hata yakipita katikati ya shamba lako unayaacha. Wezi wa mifugo walipomaliza ng'ombe wa upande ule, mapito yakabaki, na watu wa baiskeli wakayarithi bila kumuuliza yeyote.

Wabeba samaki walikuwa na desturi yao moja. Kila aliyepandisha baiskeli aliokota jiwe lililo njiani, akalibeba juu ya mzigo wake, na akifika kileleni alilitupa kwenye lundo. Kwa namna hiyo njia ilisafishwa kidogo kidogo, jiwe moja kwa kila mtu kwa kila safari. Mgeni akifika kileleni bila jiwe walimtania mpaka ajute.

"Wewe umekuja na nini?" walimuuliza. "Hapa hatupitagi mikono mitupu. Huku ni kama kwa mama mkwe wako."

Mimi nilipanda nao siku za gulio, na beseni la dagaa kichwani. Kaka hakunisamehe kwa kuwa msichana. Nilibeba jiwe langu mkononi kama wengine, na lundo likakua mpaka likawa refu kuliko mtu. Tulilipenda lundo lile. Lilikuwa kazi yetu inayoonekana, katika miaka ambayo kazi nyingine zote zilipotea bila kuonekana.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Maduka yakajaa vitu, tairi mpya zikaning'inia nje ya maduka ya Waislamu pale Bunda mjini, nyeusi, zinanukia. Kaka alinunua mbili. Alizifunga mwenyewe akiwa amekaa chini kwenye kivuli cha nyumba, akizipapasa kama mtu anayemvisha mtoto nguo ya sikukuu. Siku ile alisema sasa njia nayo inafaa kupata nguo mpya.

Akawakusanya wabeba samaki wenzake. Wakakubaliana kuitengeneza njia sawasawa, siyo kwa jiwe moja moja tena: wapanue sehemu nyembamba, wajaze korongo, wapunguze mwinuko ule wa katikati uliokuwa ukiwapasua vifua. Walifanya msaragambo kwa wiki kadhaa, baada ya kutoka sokoni, na wanawake tukawapelekea uji. Hakuna aliyewalazimisha. Nikikumbuka vijana wale wakiimba na majembe mabegani, bado najisikia vizuri, na kisha nasikia uchungu.

Kosa likafanyika hapo, na lilikuwa kosa la watu waliolelewa kama sisi. Katika kijiji chetu kazi isiyo na mgeni rasmi haikuhesabiwa kuwa kazi. Ukichimba choo cha shule, mgeni rasmi. Ukipaka rangi zahanati, mgeni rasmi. Kaka alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye sauti laini na kumbukumbu kali, akamwomba njia yetu itambuliwe kuwa njia ya kijiji na izinduliwe rasmi.

Mwenyekiti akafurahi sana. "Kazi kubwa namna hii mlitaka kuimaliza kimyakimya?" alimwambia. "Mimi nitaleta mtu."

Alimleta kweli. Mgeni alikuja na gari, akaliacha chini, akapanda kwa miguu na viatu vya kung'aa, akihema. Sikumbuki cheo chake, na sidhani kama kaka alikijua. Wabeba samaki walikuwa wamejipanga kando ya njia, baiskeli zimeoshwa, nyingine zimefungwa maua kwenye usukani. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Mimi nilikuwa nimeshika kreti la soda.

Mgeni alikata utepe, akasema mawili matatu kuhusu maendeleo, akaketi juu ya lundo letu apumzike. Akaokota jiwe, akaligonga kwa jiwe lingine. Likatoa mlio mkavu, mzuri. Akaligonga tena.

"Haya mawe yametoka wapi?" aliuliza.

Kaka alisogea mbele. Namwona hata sasa, shati limepigwa pasi, kifua mbele. "Humu humu mlimani, mheshimiwa. Yapo tele. Tunayatoaga kila siku na hayaishi."

Mgeni akamtazama mwenyekiti, naye mwenyekiti akalitazama lundo kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza. Hotuba iliyobaki mgeni aliifupisha. Tulikula mbuzi, tukacheza ngoma, tukarudi nyumbani tukijipongeza.

Haikupita miezi mingi likaja lori kuchukua lundo. Tulishukuru. Tulidhani wanatusaidia kusafisha kilele, na wengine wetu tuliwasaidia kupakia. Mjini Musoma wakati ule watu walikuwa wakijenga, viwanda vya samaki vilikuwa vikiinuka, na kila msingi ulitaka mawe. Lundo lilipokwisha, lori likarudi na mashine, na mashine ikaja na mwekezaji. Wakaanza kuupasua mlima wenyewe kwa upande wetu.

Njia ikafungwa kwa mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo mbili. Sababu waliyotupa ni usalama: mawe yanaruka, watu wataumia. Kwa wiki za kwanza tuliamini ni kwa muda. Wabeba samaki walisimama chini asubuhi na mizigo yao, wakisubiri mlio wa baruti uishe, na samaki wakisubiri nao.

Kwenye mkutano wa kijiji kaka alinyoosha mkono. Aliuliza kwa adabu kwa nini mapito ya ng'ombe, ambayo tangu mababu hayafungwi, yamefungwa.

Mwenyekiti hakupandisha sauti. Hakuwa na kawaida hiyo. "Yale yalikuwa mapito ya ng'ombe," alisema. "Lakini ninyi wenyewe mlikuja kuniomba yawe njia ya kijiji. Njia ya kijiji ina kamati ya kijiji, na kamati imekaa. Au mlipokula mbuzi hamkujua mnakula nini?"

Watu walicheka. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, na nilitamani ardhi ipasuke, siyo kwa aibu bali kwa hasira. Maana alisema kweli. Tungeiacha njia vile ilivyokuwa, mbovu na ya wote, asingekuwa na mlango wa kuingilia. Tulimpelekea wenyewe, tukiwa tumeiogesha na kuivalisha.

Ndipo vyama vingi vikaja. Wabeba samaki, ambao kabla ya hapo siasa yao ilikuwa bei ya sato, walimwambia kaka agombee uenyekiti wa kijiji kwa chama kingine. Ahadi yao ilikuwa moja tu, kuuondoa ule mti. Kaka alifunga bendera kwenye keria akaizungusha kijijini, na wifi yangu, mtu wa Butiama aliyekulia kwenye nyumba ya watu wasiopenda makelele, alimsihi asifanye hivyo. Alimwambia, "Baba, siasa haina pancha ya kuziba." Kaka alimjibu kwamba hiyo siyo siasa, hiyo ni njia.

Alishindwa vibaya. Nilifikiri tungeshinda kwa sababu kila nyumba ilikuwa ikila samaki wa mlimani. Sikuhesabu kwamba sasa kila nyumba ilikuwa na kijana anayeponda kokoto. Mwenyekiti alikuwa amegawa vibarua kwa akili sana, ukoo hadi ukoo, na ukoo wetu alikuwa ameuruka. Vijana waliokuwa wakitaniana kileleni, wengine wao waliipigia kura nondo na nyundo yao mpya. Siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo.

Baada ya kura, mti haukuwa tena wa usalama. Mwenye kibali alipita, na kibali kilitoka kwa mwenyekiti, na mwenyekiti alijua nani alifunga bendera gani kwenye keria. Kaka alijaribu barabarani. Magari ya viwandani yalikuwa yakikimbilia sangara kule mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, kama yanayofukuzwa, na mtu wa baiskeli alihesabiwa kama vumbi tu. Alifika Bunda mchana, samaki wamelegea, na wanawake wa sokoni waliokuwa wakimwita mkwe wao wakaanza kuziba pua. Alijaribu vichochoro vya mlimani alivyovijua yeye. Mgambo, ambao sasa walikuwa wakilipwa kupanda, walimkamata wakampindia gurudumu la mbele kwa makusudi, mbele ya macho yake.

Alikonda. Wifi yangu alianza kupika mara moja kwa siku, muhogo na mtama, na mboga ya kuokota. Kaka alikaa nje akiitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Siku moja aliinyoosha ile rimu kwa subira, akaipaka mafuta cheni, kisha akanikabidhi.

"Chukua wewe," aliniambia. "Mimi nikiionaga pale asubuhi naumwa."

Nilikuwa sijaolewa, na watu walinishangaa mwanamke kuendesha baiskeli yenye sanduku la samaki. Waache washangae, nilisema. Nilikuwa nikizunguka kwa barabara na samaki wa chumvi, wale wasioharibika upesi, na nikimpelekea wifi kitu kidogo.

Ndipo mwenyekiti alipokuja nyumbani kwa kaka. Nilikuwepo. Alikuja asubuhi, peke yake, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda cha chini kama mtu wa nyumbani. Wifi alimwekea ugali kwa sababu mgeni ni mgeni. Aliula wote, akanawa, akamsifu mpishi.

"Mimi na wewe hatuna ugomvi," alimwambia kaka. "Uchaguzi umekwisha, sisi ni ndugu. Pale kwenye mti nahitaji mtu mwaminifu. Hawa mgambo wanazungukwa kila siku, hawaijui milima. Wewe unaijua hata ukiwa umefumba macho."

Watoto wa kaka walikuwa wamesimama mlangoni wakiitazama sahani tupu.

"Kuna sare na viatu," mwenyekiti aliongeza, na akanyanyuka. "Fikiria tu, wala sikukimbizi."

Alipoondoka nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwambia kaka kwamba sasa nimeelewa maana ya adui mwombee njaa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa upole, "Umemaliza? Haya, watoto watakula matusi?" Jumatatu iliyofuata alivaa sare.

Na aliilinda njia vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Mwenyekiti hakukosea: hakuna kichochoro ambacho kaka hakukijua, kwa kuwa vingine alivifungua yeye. Wabeba samaki wawili watatu waliokuwa bado wakijipenyeza, walimkuta kule juu ameketi akiwasubiri. Hakuwapiga, hakuwatukana. Aliwaambia tu warudi. Wakaacha kumsalimia. Msibani walimpisha kiti kama mtu wa serikali, na hakuna aliyekaa karibu naye.

Mimi leo naishi Bweri, pale Musoma mjini. Nimejenga vyumba vyangu, na fundi aliponiuliza kuhusu mawe ya msingi nilimwambia alete ya popote atakapoyapata, ila asiniambie yametoka wapi. Alinitazama kama mwendawazimu.

Nitasimulia asubuhi moja tu ya mwisho, kisha nitanyamaza.

Siku ile nilikuwa nimepata sato wazuri, wabichi, kwa mvuvi aliyekuwa akinitaka kimapenzi na bado hajakata tamaa. Kwa barabara wangeoza. Nikawaza: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Aliye kwenye mti ni kaka yangu, na baiskeli hii ni yake. Nikaingia njia ya mlimani kwa mara ya kwanza tangu ifungwe. Upande wa kulia mlima ulikuwa umeliwa, umebaki ukuta mweupe, na vumbi la kokoto limekaa juu ya majani yote.

Alikuwa amesimama kwenye mti na sare yake, amenyoa vizuri. Aliniona tangu mbali. Nilishuka, nikamwamkia, akaitikia. Aliitazama baiskeli kabla ya kunitazama mimi, akaibonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba.

"Upepo umepungua," alisema.

"Niinulie nipite, kaka. Ni sato hawa."

"Una kibali?"

Nilidhani ananitania. Tulikuwa watu wa utani maisha yetu yote. Nikacheka, na yeye hakucheka, na kicheko changu kikabaki peke yake pale njiani.

"Wananiangalia," alisema polepole, bila kugeuza kichwa. Kule kwenye mashine vijana walikuwa wameacha nyundo. "Nikikupitisha wewe leo, kesho mimi sipo hapa. Unajua nyumbani kukoje."

Nilijua. Ndipo tukasikia kengele na sauti za watu juu yetu. Wazungu walikuwa wakishuka kutoka kileleni kwa baiskeli. Zilikuwa baiskeli za mlimani zenye tairi nene na gia nyingi, na wenyewe wamevaa kofia ngumu na kaptula za kubana. Wageni wa mwenyekiti, kaka alinong'ona. Walikuwa wametoka kutazama wanyama, wamelipa, na wamepewa kibali cha kupita juu ya mlima mpaka ziwani kwa starehe yao. Walishuka mwinuko ule wa katikati, ule ambao kaka na wenzake waliupunguza kwa majembe, wakipiga kelele za furaha. Njia iliwapokea vizuri. Ilikuwa njia nzuri.

Kaka alishika mti auinue. Kisha akaona kitu, akauacha, akapiga hatua mbili mbele. Jiwe moja lilikuwa limeporomoka kutoka kule wanakopasua likakaa katikati ya njia. Aliinama akaliokota kabla gurudumu la kwanza halijalifikia, akarudi mbio akauinua mti kwa mkono mmoja. Wazungu walipita mmoja baada ya mwingine. Mmoja alimpungia mkono, akasema asante kwa Kiswahili.

Yeye alisimama wima na jiwe mkononi. Nilimwona akigeuza macho kutazama juu, kule lundo lilikokuwa, kama mtu anayetafuta mahali pa kuliweka. Hakukuwa na lundo. Hata kile kilele kilikuwa kimeliwa nusu. Alibaki nalo hivyo hivyo mpaka wale watu walipopotea upande wa ziwa, kisha akaushusha mti taratibu mbele ya gurudumu langu.

"Rudi, mdogo wangu," alisema. "Jua linapanda, samaki wataharibika."